Uzoefu wangu na mipira ya kuziba mlango wa mbele: upepo umekoma, mvua ilitaka dawa nyingine

Seti niliyonunua ina vitu viwili. Kuna mpira wa kubandika kwenye fremu, ule ambao ukiukata una umbo la herufi D na uwazi katikati, na kuna reli ya alumini yenye ulimi wa mpira inayofungwa kwa skrubu chini ya mlango. Pakiti inadai inazuia upepo, vumbi, wadudu, kelele na mvua. Nimeitumia msimu wa baridi na msimu wa mvua. Matatu ya kwanza ni kweli. Kelele imepungua kidogo tu, kwa sababu sauti nyingi hupita kwenye ubao wenyewe. Hilo la mvua, kwa mlango kama wangu, bora wangelifuta.

Mlango wangu ni wa mbao, unafunguka kwa ndani, na hauna kipaa cha kuukinga mbele. Kabla sijabandika chochote niliupima kwa njia mbili. Usiku mtu akae ndani amulike tochi kuzunguka fremu, wewe uwe nje uangalie mwanga unapotokea. Kisha chukua karatasi, ifungie kati ya mlango na fremu, halafu ivute. Ikiteleza bila kukwama, hapo upepo unapita. Mimi naiamini karatasi zaidi. Mwanga huenda mstari mnyoofu, lakini upepo unajua kukata kona.

Karatasi ilionyesha kwamba pembe ya juu upande wa kitasa ilikuwa wazi mno, na chini upande huohuo mlango ulikuwa ukisugua sakafu. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, weka mpira pembeni kwanza: bawaba ya juu imelegea na mlango umeshuka. Nilitoa skrubu zake, nikajaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, nikaacha ikauke, kisha nikafunga skrubu ndefu zaidi zinazoshika mbao nzima ndani ya fremu. Mlango ukarudi mahali pake, na sehemu nzuri ya upepo ikaisha kabla hata pakiti haijafunguliwa. Nasema hivi kwa sababu maoni mengi niliyosoma ya watu wanaolaumu mpira huu yananipa wasiwasi kwamba wanalaumu bawaba.

Sasa mpira wa D. Huu nausifu bila kinyongo. Umetengenezwa kwa EPDM, mpira wa kiwandani unaovumilia jua na maji, na ukibanwa kisha ukaachiwa unarudi kwenye umbo lake. Ule utepe wa sponji uliokuwapo zamani ulikuwa unakunywa maji, ukilala chapati haunyanyuki tena. Ila lazima ujue upana wa mwanya wako. Funga kidonge cha udongo wa kuchezea watoto ndani ya nailoni, kibandike kwenye fremu, funga mlango, halafu pima kilivyobonyea. Umbo la D linafaa mianya ya milimita 3 hadi 5 hivi. Kwa mwanya mwembamba zaidi kuna mpira wenye umbo la E. Ukiweka mnene kupita kiasi, kitasa hakitaingia kwenye tundu lake, na kila mtu nyumbani ataanza kuufunga mlango kwa bega.

Unabandikwa kwenye ule ukingo wa fremu ambao mlango unauegemea ukifungwa. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti, uache pakauke, na kama rangi inabanduka ikwangue kwanza, maana gundi itashika rangi na rangi itaondoka nayo. Usiuvute mpira unapoubandika. Ukivutwa utajirudi wenyewe baadaye na kuacha mianya kwenye pembe, pale hasa unapohitajika.

Reli ya chini ni nzuri lakini ina adabu zake. Matundu yake ya skrubu ni marefu, kwa hiyo unaweza kuipandisha au kuishusha baada ya kuifunga; aliyebuni hilo namshukuru. Ulimi unatakiwa kuigusa sakafu tu. Ukiukandamiza, mlango unakuwa mzito na ulimi unalika mapema. Ukifungua kuelekea sakafu inayopanda, au kuna zulia karibu, chukua reli ya brashi badala ya hii. Brashi inafuata mabonde ya sakafu vizuri, ingawa maji hayaijali kabisa.

Na maji ndiyo habari yenyewe. Mlango ukifunguka kwa ndani, reli inakaa upande wa ndani. Mvua ya upepo inagonga uso wa nje, inateremka, inafika kwenye ukingo wa chini na kujipinda kuufuata, kisha upepo unaisukuma. Sasa ulimi unaizuia isiingie sebuleni, kwa hiyo inatuama chini ya mlango, kwenye mbao ambazo mara nyingi fundi hakuzipaka rangi kwa sababu hazionekani. Sakafu yangu ilikuwa karibu kavu, huku mlango unanyonya maji na kuvimba. Kwa maoni yangu hiyo ni hatari kuliko dimbwi, kwa kuwa dimbwi utaliona.

Kilichoniponya ni vitu visivyokuwamo kwenye pakiti. Nilishusha mlango nikapaka rangi ya mafuta ukingo wa chini. Kisha nikafunga upande wa nje bamba la alumini lililoinama, linalotupa maji mbele ya kizingiti. Silikoni nilipitisha juu ya bamba tu; chini niliacha wazi ili maji yatakayopenya nyuma yake yapate pa kutokea. Kizingiti chako kikiwa kimeinamia ndani, hata bamba halitatosha, hapo ni kazi ya saruji.

Tahadhari moja kwa wanaowasha jiko la mkaa au la mafuta ndani: mianya mliyoiziba ilikuwa pia inaingiza hewa safi. Acheni dirisha wazi, kwani kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Mpira wa D naupa nyota 5, reli nyota 3. Kama mlango wako uko chini ya kibaraza, nunua seti hii kama ilivyo. Kama mvua inaufikia, anza na bamba. Na skrubu zilizomo kwenye pakiti zitupe: ni laini, bisibisi inazila vichwa, na zangu zilishika kutu mapema. Tafuta za chuma kisichoshika kutu.