Tasnifu au mtihani: njia mbili za kumaliza uzamili wa historia

Vyuo vingi vinavyofundisha uzamili wa historia humpa mwanafunzi njia mbili za kuhitimu: kuandika tasnifu, au kusoma kozi zaidi kisha kufanya mtihani wa jumla.

Tasnifu inakufunga kwenye swali moja. Unazama kwenye nyaraka, na huko ndiko muda unakoyeyuka: faili uliloagiza linakuja na kurasa zilizoliwa na wadudu, mwandiko wa karani hausomeki, na barua uliyoitegemea haina tarehe. Ukishaandika, msimamizi anakurudishia sura ya pili imejaa masahihisho, kisha unaitetea kazi yote mbele ya watahini. Ni safari ya upweke, na wapo wanaokwama hapa wakiwa wameshamaliza kozi zote.

Mtihani una mwisho unaojulikana. Unapewa orodha ya vitabu kwa kila eneo la historia utakalotahiniwa, unasoma, unaandika kwa saa kadhaa, pengine na kuhojiwa ana kwa ana. Hawakuulizi tu nini kilitokea. Wanataka ujue wanahistoria wamebishana vipi juu yake, nani alimjibu nani. Mkariri tarehe atapata tabu.

Anayelenga uzamivu, yaani shahada ya udaktari, kwa maoni yangu achague tasnifu, maana akiomba nafasi ataulizwa mfano wa maandishi yake ya utafiti. Mwalimu wa sekondari anayetaka kupanua somo lake atafaidika zaidi na mtihani. Ila ulizia mapema suala la lugha: baadhi ya vyuo hudai uthibitishe kwamba unasoma lugha nyingine ya utafiti, hata ukichagua mtihani.