Duplex, 4A au msalaba wa ngazi: upi ufunge kwenye raifo ya kuwindia miomboni

Dukani darubini ya bunduki hutazamwa mchana, kupitia dirishani, ikielekezwa kwenye ukuta mweupe ng'ambo ya barabara. Hapo kila msalaba, yaani nyuzi za kulengea zilizo ndani ya darubini, unaonekana vizuri. Porini Rungwa au Selous, nyati mweusi amesimama kivulini, mita 50, saa 12 na robo jioni, vijiti na majani vikikatiza mbele yake. Aina tatu zilizojadiliwa hapa zimepimwa kwa dakika hiyo, kwa sababu risasi ya mita 300 mwindaji anaweza kuikataa akasogea karibu, lakini giza la jioni halikataliki.

Duplex ndio msalaba wa kuanzia. Leupold waliutoa mwaka 1962, na watengenezaji wengine wameuiga kwa majina yao. Nguzo nne nene zinatoka ukingoni, kisha zinakonda ghafla kabla ya kufika katikati. Uzuri wake ni kwamba jicho linajipeleka katikati lenyewe, na hata nyuzi nyembamba zikimezwa na ngozi nyeusi, ncha nne za nguzo zinabaki na unaweka bega la mnyama katikati yake. Kasoro yake ni wembamba: toleo la kawaida linampendeza mpiga shabaha za karatasi kuliko mwindaji wa nyati. Kwa raifo ya risasi za .375 H&H yenye darubini ya kukuza mara 1.5 hadi 5, chukua toleo nene. Uzi unaofunika sentimita 3 kwa mita 100 haukuharibii kitu, maana moyo na mapafu ya nyati vina upana unaozidi sentimita 30.

Ncha hizo pia ni rula ya bure ambayo wengi hawaitumii. Simamisha ubao mita 100, uchore mistari kila sentimita 10, weka darubini kwenye ukuzaji wa juu kabisa, kisha uhesabu kutoka katikati hadi ncha ya nguzo ya chini. Ukipata sentimita 50, hiyo ni miliradiani 5 (kipimo cha pembe; moja hufunika sentimita 10 kwa mita 100). Andika kwenye kipande cha plasta ubandike kitakoni. Kwenye darubini nyingi za uwindaji, ukishusha ukuzaji hadi nusu, nafasi ile ile inafunika sentimita 100.

Msalaba wa 4A ni wa Ulaya, na ndio tunaoupa nafasi ya kwanza. Una nguzo tatu tu: kushoto, kulia na chini. Upande wa juu kuna uzi mwembamba peke yake, kwa hiyo kichwa na mgongo wa mnyama havizibwi, na swala pala anayetembea unamfuata bila kumpoteza. Nguzo zimesimama mbali kidogo na katikati kuliko za msalaba wa zamani wa namba 4. Nunua wenye nukta inayowaka katikati, kama 4A-I ya kampuni ya Swarovski, na darubini iwe ya mara 1 hadi 6 au 1 hadi 8.

Nukta hiyo inahitaji kueleweka, la sivyo itakudhuru. Kwa chui kwenye chambo, mwanga unaisha haraka na sheria ya Tanzania hairuhusu kumwinda usiku kwa taa, hivyo dakika ni chache. Mtu anaiwasha nukta kwa nguvu zote, mboni ya jicho inasinyaa, chui anageuka kivuli na tawi linatoweka. Anza na mwanga wa chini kabisa, upandishe mpaka nukta ionekane tu, uishie hapo. Mchana ni kinyume: nukta iliyotengenezewa usiku wa Ulaya hufifia kabisa kwenye jua la saa 6, kwa hiyo uliza kama ina ngazi za mchana, na uijaribu nje ya duka. Darubini nyingi za aina hii hutumia betri ya CR2032, beba mbili. Na msalaba ambao betri ikiisha hauonekani, usiununue.

Msalaba wa ngazi, wenye vijistari vya kufidia risasi inavyoshuka, ndio unaosifiwa sana na ndio unaoleta wanyama waliojeruhiwa. Darubini nyingi za uwindaji zina msalaba nyuma ya lenzi za kukuza, kwa hiyo vijistari ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu. Chukua kijistari kinachofidia sentimita 25 kwenye mara 9. Ukikitumia kwenye mara 4.5 kinafidia 50, na risasi inapita sentimita 25 juu ya ulipokusudia. Kwa kongoni, hapo ni uti wa mgongo au hewa tupu.

Ukihamia darubini yenye msalaba mbele ya lenzi hizo, vijistari vinabaki sahihi kila ukuzaji, lakini msalaba wote unasinyaa unaposhusha ukuzaji. Mstari wa miliradiani 0.03 hufunika milimita 3 tu kwa mita 100. Kwenye mara 2, ndani ya kichaka, hutauona. Unafaa mbuga za wazi, kwa mtu aliyepima risasi zake mwenyewe mita 200, 250 na 300.

Wowote utakaouchagua, ufunge wima. Sawazisha bunduki kwa pima maji juu ya reli, tundika timazi mita 25 mbele, zungusha darubini mpaka uzi wa wima ulale juu ya kamba. Kaza skrubu za vishikizo kwa kupokezana, robo mzunguko kila upande, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza darubini hujizungusha. Kisha tazama timazi tena kabla ya kupiga risasi ya kwanza.