Maji ya kisima Amu (mji wa Lamu): nunua kipi kwanza, kipi uache

Mvua za masika zikishika, swali ni lile lile: nichukue dawa, chujio, au ile mashine ya taa? Mimi naanza na brashi. Pitisha kidole ndani ya tangi lako. Ukikuta utelezi, hao ni bakteria wamejijengea mtaa: wameganda ukutani na kujifunika ute ambao klorini huupenya kwa shida. Ukimwaga dawa juu yake, nguvu inaishia kwenye uchafu na walio chini hawana habari. Sugua, suuza, ndipo ufungue mkoba.

Nambari 1: klorini ya kutia maji ya kunywa, na ndoo yenye kifuniko na bomba. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni cha lita 20. Koroga, ngoja nusu saa. Naiweka mbele kwa sababu inabaki majini ikilinda, hata siku ya pili. Bomba nalo ni muhimu, maana kata inayotumbukizwa na kila mkono hurudisha vijidudu. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa. Na tafadhali, usitie dawa kwenye birika, yaani tangi la maji la nyumbani, lenye visamaki! Hao wamewekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu, na klorini itawaua. Teka, kisha tia dawa ndooni.

Nambari 2: chujio la udongo. Vitundu vyake huzuia bakteria wengi, na maji hayanuki dawa, ndiyo maana wazee hulipenda. Lakini hudondosha polepole, virusi vyaweza kupita, na lisiposuguliwa nalo huota utelezi. Halafu kuna safari ya punda vichochoroni: likipata ufa, halina kazi tena. Muulize muuzaji kama ana chungu cha ndani cha akiba. Hana? Mwache nalo.

Nambari 3: moto. Maji yakitokota dakika moja yametosha. Yakipoa hayana mlinzi, na nyumba ya watu wanane itamaliza mkaa. Aliyeishiwa mkaa aanike maji maangavu juu ya paa, kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, saa 6 za jua kali.

Nambari 4: mashine ya taa ya UV, mwanga usioonekana unaoua vijidudu. Inafanya kazi maji yakiwa maangavu na umeme ukiwepo. Ya jirani yangu sasa inawekewa thamosi ya kahawa.

Mashine ya RO, ile inayosukuma maji yapenye utando mwembamba, sijaipanga humu, kwa kuwa ni ya shida nyingine: chumvi. Dawa, udongo na moto haviondoi chumvi, na kuna wauzaji wanaonyamazia hilo. Ila kama unapata maji matamu, yale yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, RO itakula pesa na kumwaga maji mengi bure.

Ukibakiwa na chenji, nunua kichupa cha kupimia maji, kile kinachogeuka cheusi baada ya siku moja au mbili maji yakiwa na kasoro. Hakihesabu bakteria, kinakuonya tu kwamba huenda maji yameingiwa na kinyesi. Kikiwa cheusi kila mara hata baada ya kusafisha kisima, pima hatua kutoka kisimani hadi shimo la choo. Kwenye nyumba zetu za mawe, mara nyingine vinatenganishwa na kiambaza kimoja, na hapo anayehitajika ni fundi.