Glovu za mpira za daraja la 2: glovu ni nzuri, mkataba ndio wenye pengo

Tathmini hii inahusu glovu za mpira za kukinga umeme, daraja la 2, ambazo mafundi wa laini katika tawi letu wamekuwa wakizitumia tangu zile za zamani zilipoondolewa kufuatia hoja ya chama cha wafanyakazi kwenye kamati ya usalama na afya. Ninaiandika nikiwa fundi ninayezivaa na pia mwakilishi wa wenzangu kazini, kwa sababu matawi mengi ya sekta ya umeme hukaa kujadili na mwajiri mkataba wa hali bora huku suala la vifaa kinga likiachiwa sentensi moja tu, kwamba mwajiri atatoa vifaa kinga kwa wafanyakazi. Sentensi hiyo haitoshi. Glovu zenyewe zimeniridhisha na ninazipendekeza bila kusita. Kisichoniridhisha ni kwamba tunazipokea kama viatu au kofia, kitu cha kugawiwa mara moja na kusahauliwa, wakati kinga yake inategemea mambo yanayofanyika miezi mingi baada ya boksi kufunguliwa.

Nianze na daraja, maana hapo ndipo ununuzi mwingi hukosewa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60903 kinagawa glovu hizi katika madaraja 6, na kila daraja lina rangi yake ya lebo na kikomo chake cha volti: 00 ni ya matumizi hadi volti 500, 0 hadi 1,000, 1 hadi 7,500, 2 hadi 17,000, 3 hadi 26,500 na 4 hadi 36,000. Njia za usambazaji tunazozihudumia ni za kilovolti 11 na kilovolti 33. Kwa hiyo daraja la 2, lenye lebo ya njano, linatosha kwa laini ya kilovolti 11, lakini halifai kabisa kwa laini ya kilovolti 33, ambayo inadai daraja la 4 lenye lebo ya rangi ya chungwa. Gari moja la dharura linaweza kuitwa kwenye laini ya 11 asubuhi na kwenye laini ya 33 jioni ya siku hiyo hiyo, na fundi aliyepewa jozi moja tu hana namna ya kuwa salama katika kazi zote mbili. Kwa upande mwingine, fundi anayeunganisha wateja kwenye msongo mdogo anahitaji daraja la 0, ambalo unene wake hauzidi milimita 1, na si haki kumbebesha mpira mzito wa daraja la 2 kisha kumlaumu anapouvua ili aweze kushika skrubu ya mita.

Glovu pia hazibadilishi utaratibu wa kazi. Laini bado inazimwa kwa kibali, inapimwa kuhakikisha kwamba haina umeme, na inawekewa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za eneo la kazi kabla mtu hajapanda nguzo. Mpira ni ulinzi wa mwisho, kwa yale yanayotokea hata kibali kinapokuwa mfukoni: jenereta ya mteja inayorudisha umeme kwenye laini, waya wa njia nyingine uliodondoka, au swichi iliyofunguliwa ambayo kisu chake kimoja kimebaki kimeshikana.

Mkononi, glovu hizi zina heshima yake. Unene wa daraja la 2 kwa mujibu wa kiwango hauzidi milimita 2.3, nao unausikia mara ya kwanza unapojaribu kukunja ngumi, kwani vidole hukataa kidogo kisha hutii. Kiganja kimetengenezwa kikiwa kimejikunja kidogo, kama mkono uliopumzika, na jambo hilo dogo linapunguza uchovu sana kuliko aina bapa tuliyokuwa nayo awali, ambayo ilimlazimu fundi kupambana na mpira kila aliposhika spana. Kushika fimbo ya kuendeshea fyuzi, kukaza nati ya kikombe kinachobeba waya na kufunga ethi kunawezekana bila shida. Kazi inayoshinda glovu hizi ni ile ya vitu vidogo, hasa kuingiza waya mwembamba wa fyuzi kwenye mrija wake, na kazi hiyo ifanywe chini, mrija ukiwa umeshaondolewa kwenye laini.

Juu ya mpira huvaliwa glovu ya ngozi, nayo inastahili maneno zaidi kuliko inavyopewa. Mpira haustahimili ncha ya waya uliokatika wala kibanzi cha nguzo. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya jozi nzima isiwe na maana, na ni ngozi inayolizuia. Lakini ngozi yenyewe hupitisha umeme inapolowa jasho au mvua, kwa hiyo pindo lake halipaswi kufika kwenye mdomo wa mpira. Kwa daraja la 2, nafasi inayotakiwa kubaki wazi ni angalau milimita 51, takriban upana wa vidole vitatu, na kwa daraja la 4 ni milimita 102. Ngozi zilizokuja na jozi zetu zimekatwa vizuri na kuacha nafasi hiyo. Nimewahi kuona, kwa mkandarasi mmoja, mafundi waliopewa ngozi ndefu za wachomeleaji kuvaa juu ya glovu za umeme, zikifunika mpira wote hadi kwenye kiwiko, na msimamizi wao akiamini kwamba ameongeza ulinzi. Alikuwa ameuondoa.

Upungufu wa mzigo tulioupokea ni saizi. Karibu jozi zote zilikuwa saizi ya 10, na chache za 11. Mafundi wa kike katika tawi letu, pamoja na vijana wenye mikono myembamba, walikuta ncha za vidole vya glovu zikining'inia tupu mbele ya vidole vyao, na mtu wa namna hiyo akishika koleo anashika mpira uliokunjana badala ya mpini. Saizi za kiwandani huanzia 8 na zinapatikana. Hazikuagizwa tu, kwa sababu hakuna aliyewapima mafundi mikono kabla ya kujaza fomu ya manunuzi. Hili si kosa la glovu, ila ni hasara ya kweli kwa anayepanda nguzo nazo. Tulipolifikisha kwenye kamati, lilikubaliwa bila ubishi, jambo lililonionyesha kwamba lingeweza kuzuiwa kwa mazungumzo ya nusu saa kabla ya ununuzi.

Kila asubuhi, kabla ya gari kuondoka, jozi inapaswa kupimwa kwa hewa. Fundi hushika mdomo wa glovu kwa mikono miwili, huizungusha kuelekea kwenye vidole mpaka hewa inase na kiganja kivimbe, kisha huisogeza karibu na shavu na sikio huku akibonyeza sehemu moja baada ya nyingine, akitilia mkazo maungio ya vidole. Jozi moja ya zamani ilipopimwa hivyo mbele yetu, hewa ilisikika ikitoka kwenye shina la kidole gumba, mahali ambapo jicho halikuona chochote mpaka mpira ulipovutwa na mwanya kufunguka. Baada ya hewa, glovu hugeuzwa nje ndani ili kutafuta nyufa, kisha hurudishwa kama ilivyokuwa, kwani kuiacha imegeuzwa kunauchosha mpira. Zoezi zima halichukui muda mrefu na halihitaji mashine. Kinachohitajika ni msimamizi asiyewaharakisha mafundi kupanda garini kwa sababu simu za wateja zimekuwa nyingi.

Utunzaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika mazingira yetu. Mwongozo wa kiwango unashauri glovu zihifadhiwe katika nyuzijoto kati ya 10 na 21, mbali na jua na mbali na vyanzo vya ozoni, gesi inayozalishwa na umeme mkubwa na ambayo huupasua mpira hasa mahali ulipokunjwa. Anayefanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara anajua kwamba mchana ni nadra joto kushuka hadi 21 hata Julai, na kabati la nyuma la gari lililosimama juani linapanda mbali zaidi ya hapo. Hatuwezi kubadilisha hali ya hewa ya pwani, lakini tunaweza kudai kila jozi iwe na mfuko wake wa turubai wa kuning'inizwa vidole vikitazama juu, na tunaweza kukataza glovu kutupwa chini ya kiti pamoja na plaizi na koili za waya. Jambo jingine ni mafuta. Wapo wenzetu wanaopaka mafuta ya mgando mikononi kwa sababu ya ngozi kukauka, na mafuta hayo, yatokanayo na petroli, huulainisha na kuuvimbisha mpira asilia. Kinachofaa ndani ya glovu ni poda, au glovu nyembamba ya pamba inayonyonya jasho na kufuliwa kila jioni. Jozi zetu zilikuja bila hizo za pamba, na ninashauri ziagizwe pamoja, kwani jasho ndilo linalomfanya fundi avue glovu kabla kazi haijaisha.

Sasa niingie kwenye kiini cha tathmini hii. Kwa madaraja ya 1 hadi 4, mwongozo unataka glovu yoyote, hata ile ambayo haijawahi kutoka stoo, isitumike ikiwa imepita miezi 6 bila kupimwa kwa umeme. Kipimo hicho hufanywa kwa kuijaza glovu maji, kuizamisha ndani ya maji na kuipa volti za majaribio, ambazo kwa daraja la 2 ni 20,000, huku mkondo unaovuja kupitia mpira ukipimwa. Kipimo cha hewa cha asubuhi na macho ya fundi haviwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho, kwa sababu mpira unaweza kuchakaa ndani bila kutoboka. Glovu iliyopitisha muda huo ni mpira tu, hata kama inang'aa, na fundi anayeivaa anapanda akiwa na imani isiyo na msingi, hali ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko kupanda akijua kwamba hana kinga.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa kinga, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ina mamlaka ya kukagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, lakini fidia hulipwa baada ya mkono kuungua. Kilichobaki mikononi mwetu wenyewe ni mkataba wa hali bora, na uzuri wake ni kwamba, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mkataba uliofungwa na chama kinachotambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano unawafunika wafanyakazi wote wa kundi linalojadiliwa, wanachama na wasio wanachama. Kwa hiyo napendekeza kifungu cha vifaa kinga kitaje daraja la glovu kwa kila aina ya laini. Kimpe kila fundi jozi mbili, ili moja ikienda kupimwa nyingine ibaki kazini. Kiweke kipimo cha kila miezi 6 kwa gharama ya mwajiri na tarehe yake igongwe kwenye glovu. Kiruhusu mwakilishi wa wafanyakazi kuliona daftari la vipimo wakati wowote. Na kieleze wazi kwamba fundi anayekataa kupanda kwa sababu jozi yake imepitwa na muda hatahesabiwa kuwa amegoma wala kukatwa mshahara. Jozi ya pili inaonekana kuwa gharama. Bila hiyo, hata hivyo, kipimo hakitafanyika, kwa sababu hakuna meneja wa zamu atakayekubali mafundi wakae bila kazi wakisubiri glovu zirudi kutoka maabara.

Mafundi wa wakandarasi hawamo katika kundi hilo linalofunikwa na mkataba, ingawa wanapanda nguzo zile zile. Wengi wao ni vibarua wa kandarasi fupi, na wamo wanaojinunulia wenyewe glovu nene za mpira kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zinazouzwa kama glovu za umeme bila alama ya pembetatu mbili ya vifaa vya kazi za umeme, bila daraja na bila namba ya kiwango. Hizo ni glovu za kemikali au za usafi. Chama kinaweza kudai kwenye baraza la wafanyakazi kwamba zabuni za ujenzi wa laini zimtake mkandarasi aonyeshe vyeti vya glovu za watu wake kabla ya kupewa kibali cha kuingia kwenye laini, na dai hilo linatulinda sisi pia, kwa kuwa ajali yao mara nyingi hutokea tukiwa nguzo moja mbele.

Kwa tawi linalotaka kuagiza, ushauri wangu ni kuchukua urefu wa milimita 410 badala ya 360, kwani kwenye nguzo yenye waya nyingi kiganja si sehemu pekee inayokaribia umeme. Kuchagua aina iliyopinda. Kuomba alama ya R, inayojumuisha ukinzani dhidi ya asidi, mafuta na ozoni. Na kugawa saizi kwa orodha ya mikono iliyopimwa. Mzigo unapofika, mwakilishi awepo stoo boksi likifunguliwa, asome mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo pamoja na tarehe ya kipimo kwenye cheti, na jozi yoyote ambayo kipimo chake kimezidi miezi 6 ipelekwe maabara kwanza, kabla jina la fundi halijaandikwa mbele yake kwenye daftari.