Viota vya kuku: maranda au pumba za mpunga?

Kwa wafugaji wa Moshi, pumba hupatikana kirahisi kwenye mashine za kukoboa za Chekereni, lakini ni nyepesi na huteleza. Kuku akichakura kabla ya kutaga, pumba hukimbilia pembeni, yai linagonga ubao na kupata ufa. Ukizitumia, weka kizuizi cha sentimita 10 mlangoni, kisha ongeza pumba kila baada ya siku mbili.

Maranda ni bora, hasa wakati wa masika: hunyonya unyevu na hubaki mahali pake. Jaza sentimita 8 hadi 10. Chukua yaliyokunjamana kutoka kwenye randa. Vumbi la msumeno huwaumiza kuku kifua. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa, hapana kabisa.