Kozi ya video ya marefa wa besiboli: obstraksheni hatimaye imeniingia

Nimeangalia besiboli miaka na kila refa akimnyooshea kidole mlinzi wa besi (kituo anachokimbilia mkimbiaji) huku mchezo unaendelea tu mi nabaki najiuliza, sasa ameita nini? Nikajiunga na kozi moja ya video ya marefa mtandaoni, nimeimaliza wiki hii, na kusema ukweli lile somo la obstraksheni, yaani mlinzi kumzuia mkimbiaji njiani, peke yake linatosha mtu kuichukua, ila kuna sehemu wamekosea na inabidi warekebishe.

Mwalimu anajua kufundisha jamani. Kila klipu anaisimamisha pale mlinzi na mkimbiaji wanapogongana, afu swali ni lilelile, mpira uko wapi? Kama mlinzi hana mpira na wala hayuko kwenye harakati za kuudaka, haruhusiwi kumzuia mkimbiaji, awe kakusudia au hakukusudia. Mi siku zote nilidhani lazima refa aone nia mbaya, kumbe wala.

Klipu iliyonikaa ni ya World Series 2013 (fainali za MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani), mechi ya 3, Cardinals na Red Sox, ni 4-4 awamu ya 9. Kecha (mdakaji wa nyuma ya mpigaji) wa Red Sox, Saltalamacchia, anarusha besi ya tatu, mpira unapotea, mlinzi wa besi hiyo Middlebrooks aliyeurukia yuko chini kifudifudi, Allen Craig wa Cardinals anainuka akimbilie homu (besi ya mwisho, ndo pointi) anajikwaa kwa Middlebrooks anaanguka. Anapofika homu anaguswa na mpira, ungesema katolewa, lakini refa Jim Joyce pale besi ya tatu alishaita obstraksheni, pointi ikahesabiwa, Cardinals wakashinda 5-4. Mwalimu anairudisha polepole, unaiona kabisa miguu ya Middlebrooks imenyanyuka hewani, na ndo watu wote wanabishania hiyo miguu, yeye anakwambia achana na miguu, mpira umeshampita, kazi yake ya kudaka imeisha, kwahiyo akiwa bado kalala pale mtu akakwama kwake tayari kazuia. Nilirudia hiyo sehemu mara nne.

Aina mbili za obstraksheni nazo kazieleza vizuri. Kama wanajaribu kumtoa huyohuyo mkimbiaji aliyezuiwa, mpira unakufa palepale na anapewa angalau besi moja mbele ya aliyoigusa mwisho. Kama hawamchezei yeye, refa ananyoosha kidole tu, mchezo unaachwa mpaka uishe, ndo anaamua.

Sasa kosa lenyewe. Kwenye jaribio la mwisho wameandika eti hata hiyo aina ya pili mkimbiaji lazima apewe besi moja. Hapana! Kwa sheria za MLB refa anampa besi ambayo angefika kama asingezuiwa, na kama asingefika popote zaidi hapati kitu. Besi moja ya lazima iko kwenye sheria za shule za sekondari za Marekani, yaani wamechanganya vitabu viwili, na refa mgeni akiingia uwanjani na jibu lile anaweza kumpeleka mtu homu bila haki na timu ikapoteza mechi. Nimewaandikia, hadi leo kimya.

Nawapa nyota 4 kwa 5. Kama unaanza urefa nenda moja kwa moja kwenye hilo somo, ila jibu la swali hilo usilishike mpaka walibadilishe.