Huduma ya uhakiki wa mita ya maji: nimelipa miezi minne, mita haijaguswa

Karatasi ya kwanza ilipitishwa chini ya mlango siku mbili baada ya bili ya maji. Ina mkanda wa buluu juu, tone la maji pembeni, na majina yangu matatu yameandikwa sawasawa, jambo ambalo hata bili yenyewe huwa inakosea. Chini yake pameandikwa: "Ada ya uhakiki na ulinzi wa mita." Kiasi kilikuwa kidogo, cha kulipa huku mawazo yako yakiwa kwingine. Mwisho wa kulipa ni siku saba, na kwa wino mwekundu wakaongeza kwamba kuchelewa "kunaweza kuathiri huduma." Nililipa siku ile ile, nimesimama, viatu bado viko mguuni.

Nimelipa hivyo miezi minne mfululizo, kwa wakati, na risiti ninazo. Ninaandika kama mteja. Jina la huduma silitaji kwa sababu suala liko kwa wanaolichunguza, tena jina walilotumia kwangu si lile walilotumia kwenye jengo la pili. Namna yao ya kufanya kazi ni ile ile, na hiyo ndiyo nataka mtu aijue kabla karatasi haijamfikia.

Wanachoahidi kimeandikwa vizuri. Fundi atapita kila mwezi kukagua mita, lakiri, yaani ule muhuri wa waya unaofunga mita isichezewe, itabadilishwa kila baada ya miezi 3, na bomba likipasuka kati ya mita na nyumba watalitengeneza bila malipo mengine. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Mahali pengi bomba likishapita mita ni mzigo wa mwenye nyumba, si wa mamlaka ya maji, na aliyewahi kuvujiwa chini ya sakafu anajua gharama yake. Kuna kampuni halali zinazouza ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo nilipoisoma sikuona kitu cha ajabu. Niliona afadhali.

Mambo yaligeuka ngazini. Mama wa mlango wa mkabala alinisimamisha akaniuliza kama nina namba ya fundi wa "wale wa uhakiki", kwa sababu bili yake ya maji imepanda na hajui maji yanapotelea wapi.

"Kumbe na wewe wanakutoza?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Ya kwake ilisema amechaguliwa "kutokana na hali ya mita yako." Alielewa kwamba mita yake ina kasoro, akaona aibu, akawa analipa kimya kimya bila kumwambia hata mumewe. Ya kwangu ilikuwa na sentensi hiyo hiyo. Na mimi sikumwambia mtu. Kuna mwaka nilichelewesha bili tatu, nikaamini wamenitia kwenye daftari la watu wa kuangaliwa. Nalisema hili wazi kwa sababu nadhani hapo ndipo penye nguvu yao yote: kila mmoja analipa nyuma ya mlango wake, akiamini deni ni lake binafsi.

Tukashuka kwa mzee wa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja na karatasi? Na mimi ninazo."

Alikuwa nazo kumi na moja. Amezibana kwa kibanio cha nguo, kila moja na risiti yake mgongoni, tarehe imeandikwa kwa kalamu kwenye kona. Tukawaita na wengine. Jioni ile tulikuwa milango sita, karatasi zimepangwa kwenye ngazi ya kwanza chini ya taa, na tulichokuwa tukikitafuta hatukukitafuta sana. Namba za wateja zilifuatana, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa milango yetu, ingawa tumehamia hapa miaka tofauti kabisa. Namba ya mita ilikuwa moja kwenye karatasi tatu. Mita tatu haziwezi kuwa na namba moja. Kila mita ina yake, imepigwa kwenye shaba ya mwili wake au kwenye kifuniko, na ndiyo inayotokea kwenye bili halali kila mwezi.

Mzee akasema, "Twendeni tukaitazame yenyewe."

Kijana wa ghorofa ya juu akainua kifuniko cha zege, mzee akamulika kwa tochi. Utando wa buibui ulikuwa umefungwa kutoka ukingo wa shimo hadi kwenye waya wa lakiri ya mita yangu, mpana kama kiganja, haujatoboka popote. Lakiri yenyewe ilikuwa imeshika vumbi gumu la aina ile isiyotoka kwa kupuliza. Nikasugua kioo kwa kidole gumba mpaka tarakimu zikaonekana, nyeusi za mita za ujazo na nyekundu za lita. Kwa mujibu wa karatasi, mkono wa fundi umeingia humo mara nne na lakiri imebadilishwa mara moja. Mzee aliutazama ule utando muda mrefu bila kusema neno. Kisha akazima tochi.

Kwa vile kifuniko kilikuwa kimeshainuliwa, tulifanya kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya bila kulipia. Mama wa mkabala alipanda akafunga mabomba yake yote, tukaangalia kile kigurudumu kidogo kilicho katikati ya kioo cha mita yake. Kila kitu kikiwa kimefungwa, hakitakiwi kusogea. Kilikuwa kinazunguka, polepole, bila kusimama. Uvujaji ulikuwepo kweli. Fundi bomba wa kawaida alikuja kesho yake, akakuta mpira wa tangi la choo umechakaa, akaubadilisha kabla hata ya kuvua kofia. Fikiria: mama huyu amelipia ukaguzi miezi saba, na kitu pekee alichohitaji kukaguliwa kilikuwa kinaonekana kwa macho.

Huduma kwa wateja. Niliwapigia kesho yake asubuhi. Simu ilipokelewa haraka, na kijana aliyezungumza nami alikuwa na adabu kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Hakunikatiza. Akaniambia fundi alipita "mama ukiwa haupo." Nikamwomba tarehe. Akasema mfumo wao unasumbua, lakini atanitumia namba ya uthibitisho kwenye simu yangu, nimsomee, ndipo afungue akaunti yangu aone. Namba ikaingia palepale. Ilikuwa imetoka kwenye benki yangu.

Ningependa mtu asome hapo taratibu. Namba ile ya mara moja inayotumwa na benki ni ya kufungulia pesa zako, na hakuna mfanyakazi halali wa benki, wa maji wala wa umeme anayehitaji kusomewa. Ujumbe wenyewe huwa unasema usimpe mtu. Nilikata simu, mikono ikinitetemeka, nikaipigia benki kabla ya kukaa chini. Ada ndogo ya kila mwezi huenda haikuwa shabaha yao. Inawezekana ilikuwa njia ya kujua nani analipa bila kuuliza, ili siku moja aombwe kikubwa zaidi.

Halafu nikatafuta bili ya zamani, ya mwaka juzi, ya kabla ya karatasi hizi kuanza, nikapiga namba iliyoko pale. Namba ya kwenye karatasi unayoitilia shaka itakupeleka kwa walioiandika. Dada aliyepokea alinisikiliza, akasema ada hiyo hawaijui. Kila tozo yao huwa ndani ya bili, mstari kwa mstari, haiji kwa karatasi ya pembeni. Akaomba tupeleke nakala zote sita. Tulipeleka, na tulifungua taarifa polisi pia.

Hadi leo hawajatujibu kwamba ni utapeli, na ninajua kwa nini. Nyuma ya karatasi, chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ambayo mzee hakuyaona hata kwa miwani, pana maneno haya: "Hii si ankara. Ni mwaliko wa kujiunga na huduma ya hiari." Sentensi hiyo ndiyo kichaka chao. Mtu akiwashika watasema mteja alijiunga mwenyewe. Mbinu hii si ngeni duniani. Marekani sheria ya posta inataka waraka wa kibiashara unaofanana na bili uwe na tangazo la wazi, kwa herufi zinazoonekana, kwamba si bili na hulazimiki kulipa. Walitunga sheria hiyo kwa sababu watu walikuwa wakilipa, kama tulivyolipa sisi. Kijivu kwenye karatasi ya kijivu si tangazo. Na hata tukikubali kwamba ni huduma ya hiari, bado huduma haikutolewa. Buibui ni shahidi.

Kuna ishara moja niliipita mara nne na inaniuma. Kila nilipolipa kwa simu, kabla ya kubonyeza kukubali, jina la mpokeaji lilijitokeza. Halikuwa jina la kampuni, lilikuwa la mtu. Mwezi wa pili lilikuwa la mtu mwingine. Nililisoma, nikadhani ni mhasibu wao. Jina hilo linawekwa pale kwa kazi maalumu. Uingereza benki kubwa zilianza mwaka 2020 kulinganisha jina aliloandika mlipaji na jina la mwenye akaunti, na kumwonya yasipolingana. Mamlaka au kampuni inayojitegemea haina haja ya kupokea ada kwenye laini ya mtu binafsi.

Kijana wa juu yeye alilipa kwa kadi, na hali yake ni ngumu kuliko yetu kwa sababu makato yanajirudia yenyewe. Aliwapigia wakamwambia wameyasimamisha, na mwezi uliofuata yakakatwa tena. Aliyekusaidia kuingia si lazima akusaidie kutoka. Dawa iko benki: kuzuia malipo hayo, kubadilishiwa kadi, na kuwasilisha pingamizi la muamala. Kwa kadi za Visa na Mastercard, madai mengi ya aina hii yana kikomo cha siku 120, kwa hiyo asiyeangalia taarifa yake ya benki mwezi kwa mwezi anaweza kukuta dirisha limefungwa. Yeye amewahi miezi mitatu ya mwisho. Ya kabla ya hapo benki inayatazama.

Wiki mbili baadaye simu ikampigia mama wa mkabala. Mwanamume mwenye sauti ya upole akasema anatoka kwenye kitengo kinachorudisha pesa za waliotapeliwa na "wale wa mita." Alijua tarehe alizolipa. Alijua na kiasi. Alitaka ada ndogo tu ya kufungua jalada. Mama alitaka kulipa. Alikuwa ameshashika simu. Binti yake ndiye aliyeuliza swali zuri: nani mwingine ana orodha ya tarehe hizo zaidi ya waliozipokea pesa? Aliyekwisha kulipa mara moja huhesabiwa mteja, na hurudiwa.

Tathmini yangu ni kwamba huduma hii haipo. Kuna karatasi, kuna sauti ya kwenye simu, kuna mahali pa kupokelea pesa, basi. Simshauri mtu alipe hata mara moja "ili kuwa salama", na aliyekwisha kulipa asichome karatasi kwa hasira. Tarehe na risiti za mzee zimefanya kazi kubwa kuliko maelezo yetu sote watano; ndizo zilizoonyesha kwamba jambo lilianza muda mrefu kabla yetu, na kwamba ada yake ilipandishwa mara mbili bila sisi wengine kupandishiwa.

Kwa nini yeye? Nadhani kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Mkewe yuko kitandani tangu mwaka jana, na maji yakikatika ndani ya nyumba ile hakuna cha kufanya. Pensheni ikiingia, karatasi ile ndiyo aliyoilipa kwanza, kabla ya dawa. Aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ratiba yake. Nimekasirika juu ya pesa zangu, lakini hasira ile imepungua. Hii ya mzee haijapungua.

Mwezi huu karatasi mpya zimepita tena chini ya milango. Hakuna aliyelipa. Ya mzee ina neno "malimbikizo" na tarehe ya kukatiwa. Saa kumi na mbili asubuhi aligonga kwangu ameishika mkononi, na macho yake yalionyesha hakulala. Tukaisoma pamoja mbele na nyuma, nikaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine za kupeleka. Hakuondoka. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akaniomba nifungue bomba la jikoni, aone.

Nikafungua. Tukasimama tukiyasikiliza maji mpaka aliposema inatosha.